Naomba ushauri: boriti mbili, bolti zilezile

Wakuu, salaam. Ni fremu ya chuma ya ghorofa mbili, kila nguzo ina anka 4 (bolti za kuishika kwenye msingi), na masharti yanayofuatwa ni ya OSHA ya Marekani, mamlaka ya usalama kazini. Zege la msingi limefika asilimia 75 ya nguvu iliyokusudiwa, kwa kupima sampuli zake na si kwa kuhesabu siku. Kreni haiachii boriti mpaka kila ncha iwe na bolti 2 zilizokazwa kwa spana.

Tatizo ni nguzo ya katikati. Boriti mbili zinakutana pande mbili za ubavu wake (bamba la kati la nguzo) na bolti 4 zilezile zinazishika zote. Ili ya pili iingie, nati zinafunguliwa. Ya kwanza inabaki imeshikiliwa na ncha ya spana iliyochomekwa tunduni. Nguzo ikiyumba kidogo tu, spana inachomoka na boriti inaanguka na fundi aliyeikalia.

Nichague lipi: kiti cha engo (chuma cha umbo la L) chini ya boriti ya kwanza, nayo ifungwe kitini kabla nati hazijaguswa, au kukata kona ya pleti ya kuungia iliyo kwenye ncha ya boriti ya pili ili bolti 1 ibaki imekazwa ikiishika ya kwanza? Kiti ni rahisi, ila dari litakaa karibu sana chini ya boriti, kiti kinaweza kuligusa. Aliyewahi kuyafanya yote mawili aseme.