Tupeane uzoefu: ulifanya nini mpaka mtu akakukabidhi hadithi yake?

Ndugu zangu, naanza mimi. Natunga michezo ya redio hapa Goma. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, nilitaka kuandika juu ya watu waliohama mara mbili: Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji, na safari hii. Nikaenda kwa mama mmoja wa Majengo. Akanipa kiti, akanyamaza. Mwishowe akasema: "Mwanangu, wa kwanza alikuja na mashine, akachukua sauti yangu, akaenda. Mpaka leo."

Siku ile sikuwasha simu. Tulichambua maharage tu. Niliporudi mara ya tatu, alianza mwenyewe.

Nilipomaliza kuandika nikaenda kumsomea. Nilipofika "tulikimbia" akanikatiza: "Hatukukimbia. Tulitembea, sababu ya bibi. Andika tulitembea." Nikaandika. Mbele kidogo akasema, "Hiyo nilikuambia wewe, si redio." Ndiyo ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote. Nikaifuta akitazama. Wiki iliyofuata akanipeleka kwa jirani zake wawili, akawaambia: "Huyu anakusomea kwanza."

Na ninyi? Hata mlipokosea, semeni.

Mpiga picha, Birere

Mimi nilikosea. Mwaka huohuo, watu walipokuwa wanarudi kutoka Sake, mji walikokimbilia volkano, nilimpiga picha msichana amelala juu ya magodoro kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo. Sikuuliza mtu. Picha ikazunguka kwenye simu za watu. Baba yake akanikuta sokoni. Hakupaza sauti, aliniuliza tu: "Angekuwa wako?"

Kwangu niliifuta, lakini kwenye simu za wengine ningeifutaje? Nilikwenda kwao na yaya, ndugu yangu mkubwa, kuomba msamaha. Walitupokea, wakatupa chai. Ila baba yule akiniona na kamera bado anageuza uso, na ana haki. Siku hizi namwonyesha mtu picha yake palepale. Akitikisa kichwa, inafutwa kabla hatujaachana.

Mama wa kwaya, Bukavu

Kwetu Kadutu kuna kijana alileta wimbo, ubeti wa pili haukubaliani na ngoma. Zamani ningemwambia mbele ya wote (nimewapoteza watunzi wawili kwa njia hiyo, na bado inaniuma). Safari hii nikangoja mazoezi yaishe, tukapanda mlima pamoja, nikamwomba aniimbie polepole. Alisimama katikati ya ubeti: "Mama, hapa panakwama, si ndiyo?" Sasa analeta nyimbo zake hata hazijaisha.

Mchoraji, Katuba, Lubumbashi

Kijana mmoja aliniagiza picha ya baba yake, mzee wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, mmoja wa wale zaidi ya 10,000 waliotolewa kazini kwa ule mpango wa 2003 ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Nikachora kofia, taa, giza la mgodi, kama tunavyozoea. Mzee akaja, akatazama kitambaa muda mrefu. "Ni kazi nzuri. Lakini mimi sikuingia chini hata siku moja. Nilikuwa fundi wa umeme kiwandani."

Nilikuwa nimezungumza na mtoto tu. Mwenyewe sikumuuliza hata swali moja. Nikaanza upya bila kuongeza bei. Jumapili nne tulikaa uani, yeye ananieleza waya gani unapita wapi, mimi nachora. Ya tatu akaanza kunieleza siku aliyorudi nyumbani na bahasha ya mwisho. Mtoto wake alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo.

Mtunga michezo, Goma

Kaka, ile picha ya kwanza uliifanyaje?

Mchoraji, Katuba, Lubumbashi

Ninayo. Mzee alinikataza nisiitupe. Ana rafiki yake aliyekuwa anaingia chini kweli, alikwisha kufa, na familia haina picha yake hata moja. Tunabadilisha uso. Mzee anaelekeza, mimi nachora. Tumefika kwenye macho.