Kani zikisawazika, mbona sanduku bado linasogea?

Mdadisi
Wakuu, habari. Kuna swali limenikwamisha. Sanduku la kilo 10 linasukumwa sakafuni kwa mwendo usiobadilika. Jibu linasema kani zote zimesawazika, yaani kani tokeo ni sifuri. Sasa kama msukumo wa mkono ni sawa na msuguano, sanduku linasogezwa na nini? Halafu kuna kanuni ya tatu ya Newton: sanduku nalo linausukuma mkono kwa kani ileile. Si ingekuwa kila kitu kimesawazika muda wote, na hakuna ambacho kingetikisika?

Kipimo
Mkuu, kinachokukwamisha ni neno "kusogea". Kitu hakihitaji kani ili kiendelee kusogea. Kinaihitaji ili mwendo wake ubadilike: kianze, kisimame, kiongeze au kipunguze kasi, au kikate kona.

Tuweke namba. Uzito wa sanduku ni 10 × 9.8 (mvuto wa dunia) = 98 N (N ni newton, kipimo cha kani), na sakafu inalisukuma juu kwa 98 N. Wima hakuna tatizo, tuachane nako. Kwa mlalo, tuseme msuguano unaweza kufika 49 N kabla sanduku halijang'oka, na likishaanza kuteleza unashuka hadi 39 N.

Sukuma kwa 30 N: haliendi. Msuguano hapo ni 30 N, si 49. Wengi hukosea hapa kwa kuandika 49 kwenye mchoro, kisha wanashangaa kwa nini sanduku halirudi nyuma! Msuguano wa kitu kilichotulia hulingana na msukumo wako hadi ufike kikomo chake.

Sukuma kwa 50 N: linang'oka. Msuguano sasa ni 39 N, kwa hiyo zinabaki 11 N, na mchapuko (kasi inavyobadilika kila sekunde) ni 11 ÷ 10 = 1.1 m/s². Baada ya sekunde 1 linakwenda 1.1 m/s. Sasa punguza msukumo hadi 39 N kamili. Kani zimesawazika, na sanduku linaendelea na 1.1 m/s yake, halipungui wala haliongezeki. Mwendo huo lilishaupata katika ile sekunde ya kwanza. 39 N za sasa kazi yake ni kuzuia msuguano usiupunguze.

Ondoa mkono kabisa. Msuguano unabaki peke yake, sanduku linapunguza mwendo kwa 3.9 m/s² na kusimama baada ya sekunde 0.28 hivi, likiwa limeteleza kama sentimita 16 tu. Linasimama upesi mno kiasi kwamba jicho linaona "mkono umetoka, mwendo umekwisha". Ndiyo maana wazo kwamba mwendo unahitaji kani lilidumu karne nyingi kabla ya Galileo na Newton.

Nyuzi_30
Nijazie hilo la kanuni ya tatu. Kani za kanuni ya tatu ziko kwenye vitu viwili tofauti: mkono kwa sanduku, sanduku kwa mkono. Huwezi kuzijumlisha ili zifutane, kwa sababu kila moja ina mwili wake. Kani zinazosawazika ni zile zinazogusa kitu kimoja.

Lifti inatenganisha mambo haya vizuri. Mtu wa kilo 60 amesimama juu ya mizani ndani ya lifti, uzito wake ni 588 N. Lifti ikianza kupanda kwa mchapuko wa 1.5 m/s², mizani inamsukuma kwa 60 × (9.8 + 1.5) = 678 N, na inasoma kama kilo 69. Kani mbili zilizo kwake, 678 juu na 588 chini, hazilingani. Ndiyo maana anachapuka. Lakini miguu inaisukuma mizani kwa 678, na mizani inaisukuma miguu kwa 678. Jozi hiyo haivunjiki kamwe. Lifti ikishashika mwendo mmoja, hata uwe wa haraka, mizani inarudi kilo 60.

Unapochora, chora kitu kimoja tu, na kila mshale uulize: nani anasukuma au anavuta? Mshale usio na mwenyewe ufute. "Kani ya mwendo" haina mwenyewe.

Mdadisi
Hiyo ya lifti imenifungua macho, asanteni sana. Nikijaribu kwa kipande cha mbao na mizani ya springi, namba zinarukaruka. Shida iko wapi?

Springi
Mara nyingi ni mambo matatu. Kwanza sifuri: mizani nyingi za springi zimepangwa zikiwa zimening'inia, ambapo ndoano yake yenyewe inavuta kidogo. Ukiilaza, irekebishe tena isome 0 ikiwa imelala.

Pili pembe. Kipande cha kilo 0.5 kina uzito wa 4.9 N. Ukikivuta kwa 2 N huku uzi umeinuka nyuzi 30, unakinyanyua kwa 1 N, meza inabaki kukibeba kwa 3.9 N, na msuguano nao unapungua. Uzi uende sambamba na meza.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni wakati wa kusoma. Namba ya juu kabisa kabla ya kung'oka ni kikomo cha msuguano wa kutulia. Ya kuteleza isome kipande kikienda taratibu kwa mwendo mmoja. Mkono ukiharakisha, unasoma msuguano pamoja na kani ya kukichapusha. Ni rahisi zaidi kufunga mizani mahali pamoja na kuvuta ubao ulio chini ya kipande: mshale unatulia hata mkono ukiyumba.

Kipimo
Nyongeza moja kwa Mdadisi. Jiwe lililorushwa juu, likifika kileleni, kasi yake ni 0. Usiandike "zimesawazika". Uzito bado unalivuta na hakuna kinachoupinga, mchapuko ni 9.8 m/s² kuelekea chini, uleule wa njia nzima tukiacha hewa.