Tupeane uzoefu: foleni za duka la kaya miaka ya 80

Bi_Ngamiani: Sukari ilipoadimika mwanzoni mwa 2024, mwenye duka mtaani kwetu alikuwa anapima robo robo, mtu mmoja robo moja. Nilivyoshika kile kifuko nikajiona Tanga 1982, nina miaka kumi, kikapu mkononi na kadi ya kaya, ile ya kuchukulia mgao wa familia kwenye duka la kaya. Mliopanga foleni enzi zile karibuni.

Kipanga70: Na jiwe lako kwenye mstari! Wewe umelala nyumbani, jiwe linakushikia nafasi.

Mama_Doti: Jiwe langu liliwahi kutupwa mtaroni, tuliache hilo. Siku ninayoikumbuka nilitumwa sukari. Nimefika saa kumi alfajiri, ilipofika saa tano mbele yangu wamebaki kama watu ishirini. Mara ng'ambo ya barabara wakafungua mafuta ya taa. Nyumbani kibatari kikavu siku ya tatu na mdogo wangu anaharisha, usiku tunamsafisha kwa kupapasa. Nihame? Yale masaa saba yalishakwenda, hayarudi nikibaki wala nikiondoka. Cha kupima kilikuwa kimoja tu: usiku ule tungehitaji nini zaidi. Lakini nilikuwa mtoto, niliyaonea uchungu. Nikabaki. Sukari ikaishia kwa mtu wa nne mbele yangu. Nakimbilia mafuta, pipa limeshainuliwa.

Mama hakunipiga. Alitoa mche wa sabuni uliokuwepo, akaukata kwa uzi vipande sita, akavipanga kwenye sinia. Cha kwanza nepi za mtoto. Viwili sare za shule. Viwili vya kuogea, mwezi mzima. Cha sita akakirudisha kabatini: "Hiki cha mgeni au msiba." Khanga zake alifulia majani ya mpapai.

Kipanga70: Umenitoa machozi dada.

Mrombo: Kwetu Rombo mpaka na Kenya ulifungwa 1977, njia za panya hazikufungwa. Kahawa inavuka usiku, inarudi sabuni na mafuta ya kupikia. Huku bei ndogo na malipo yanachelewa, kule unalipwa papo hapo. Mkulima ana watoto wa kuvisha, ungemwambia nini?

Afande_Mstaafu: Ningemwambia ni magendo. Tumetoka vitani Kagera 1979, nchi haina fedha za kigeni, ninyi mnapitisha kahawa porini!

Mrombo: Nilikuwa darasa la tatu, afande.

Shaha_wa_Pwani: 1983, msako wa walanguzi. Mjomba ana duka, magunia mawili ya sukari chini ya kitanda. Saa nane usiku tuliyaburuta uani tukamwaga yote chooni, kopo kwa kopo, taa imezimwa. Asubuhi sisimizi wamepanga mstari kutoka chooni hadi mlango wa mbele. Mjomba anawamwagia majivu, mikono inatetemeka. Jirani ukuta kwa ukuta kajifungua wiki ile, anakunywa uji wa chumvi.

Bi_Ngamiani: Ya Rabi.

Kipanga70: Gunia mbili zote?? Hakukamatwa?

Shaha_wa_Pwani: Hakukamatwa. Na duka hakulifungua tena.

Afande_Mstaafu: Angeuza kwa bei halali asingemwaga kitu.

Shaha_wa_Pwani: Bei halali ilikuwa chini ya ile aliyonunulia yeye. Auze kwa hasara ili iweje?

Afande_Mstaafu: Msako ule aliuongoza Waziri Mkuu Sokoine, msimguse. Alipofariki Aprili 1984 nchi nzima ililia.

Shaha_wa_Pwani: Nami nililia. Ila baada ya msako hakuna aliyethubutu kubeba hata katoni moja, maduka yakazidi kuwa matupu. Bidhaa zilirudi 1984 waliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni alete mzigo bila kuulizwa kazipata wapi.

Afande_Mstaafu: Zilirudi kwa bei gani? Mimi na mshahara wangu nilikuwa naziangalia rafuni.

Mama_Doti: Hapo afande umesema kweli.

Dogo_Mbezi: Wazee shikamooni. Ikiadimika tena ninunue mfuko mzima?

Mrombo: Nunua mapema.

Bi_Ngamiani: Usinunue mwanangu, mkikimbilia wote ndiyo inaisha kweli.

Kipanga70: Zoea mchaichai mkavu, utaishi miaka mia.

Bi_Ngamiani: Mama Doti, kile kipande cha sita kilikwenda wapi?

Mama_Doti: Alikuja shangazi kutoka Pangani. Akanawia, na kilichobaki mama akamfungia kwenye kitambaa aondoke nacho.