Tupeane uzoefu: aliyekushika mkono ulipoanza viwanja na nyumba za kupangisha alikusaidia nini hasa?

Wakuu habari za muda huu. Watu kila siku wanauliza mtaji wa kuanzia ni shilingi ngapi, mimi leo nauliza kingine, wewe ulieanza ukiwa nyuma ya mtu mzoefu au kikundi, ulipata nini kwao?

Naanza. Alienifundisha ana vyumba vya kupangisha huku Chanika, na hela yake hata mia sijawahi kuiona. Alichonipa ni kutembea na mimi saiti. Dalali akitupeleka, mzee hana habari na kiwanja, anaenda kwanza kwa jirani kuomba maji ya kunywa, wanapiga stori, akitoka pale ashajua mwenye eneo ni nani, kama ni urithi ndugu gani hawajakubali kuuza, na masika maji yanapita wapi. Kuna kimoja bei ilikuwa nzuri mno, bibi wa jirani akasema tu "hapo wanangu wanakuja wengi kudai ni pao", tukaaga. Dalali alinuna njia nzima.

Mdau wa Kigamboni: Sisi tulijichanga washkaji tukachukua shamba la ekari moja tupime viwanja. Ekari ni kama mita za mraba 4,047 ila msizigawe zote kichwani, barabara zinakula. Kaka mmoja mzoefu akagoma kuingia mpaka tuandikishane kwa wakili, nani katoa ngapi, anaetaka kutoka anamuuzia nani na kwa bei ipi, akifa warithi wanapata nini. Tukamwona ana mkosi. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa 2016 bei zikachangamka, mmoja akataka chake siku hiyohiyo, wengine tunataka kusubiri. Tukafungua karatasi tukasoma kipengele, akalipwa, na mpaka leo tunazikana.

Mgeni: Samahani wakuu, muhuri wa serikali ya mtaa si unatosha?

Mdau wa Kigamboni: Hautoshi mdogo wangu. Huo unaonyesha mmeuziana mbele ya mashahidi. Kama kina hati nenda kafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, utaona jina, miaka iliyobaki maana hati zetu ni za muda, 33, 66 au 99, na kama kimewekwa rehani benki.

Wa Kitengela: Huku kwetu Kenya ni chama, yaani kikundi cha kuchangishana pesa. Tulionyeshwa ploti za futi 50 kwa 100, muuzaji anasema taito (hati) ziko njiani, kumbe shamba lote bado liko kwa taito moja na ni la kilimo, kibali cha bodi ya ardhi cha kuligawa hana. Mweka hazina wetu ni mama mmoja mkali sana, akasema pesa haitoki. Ningekuwa peke yangu ningelipa, zile picha za geti zilikuwa tamu.

Wa Tabata: Sisi kiwanja cha marehemu baba kiko barabarani, hela ya kujenga hatuna. Akaja jamaa mwenye uzoefu wa fremu za maduka, anajenga yeye, anakula kodi miaka tuliokubaliana halafu zinarudi kwetu. Watu wanagombania idadi ya miaka, wakati ugomvi wenyewe uko kwenye miaka inaanza kuhesabiwa lini, siku ya kusaini au fremu ikipata mpangaji? Sisi tuliandika tarehe kabisa, ujenzi uishe usiishe. Alikohoa kidogo ila akasaini, na akajenga mbio mbio. Andikeni pia nani anafanya ukarabati, na ile kodi ya serikali (TRA) ya asilimia 10 kwenye pango inatoka mfuko wa nani.

Mwanzisha uzi: Hiyo ya tarehe naichukua mkuu. Sasa waje wa Dodoma, hasa mliojenga vyumba vya wanafunzi kwa kushirikiana, LUKU mnaigawaje na nani anashika funguo likizo ikifika?