Bustani ya ndege ya Mzee wetu inaitwa "banda la kuku", tena kwenye arobaini yake! Huyu mtu hana haya hata chembe

Wakuu, leo sina salamu, mnisamehe. Nimetoka Ujiji muda huu huu, kanzu bado iko mwilini, pilau la watu limenikwama kooni, na nisipoandika nitapasuka.

Huyu mtu mnamjua, sina haja ya kumtaja. Ni yule yule asiyekosa shughuli, anayekaa kiti cha mbele ambacho hakuandaliwa, anayenyakua kipaza sauti kabla mwenye shughuli hajakohoa. Kigoma nzima inamjua, Ujiji inamjua mara mbili, na naamini hata migebuka ikisikia sauti yake inahamia upande wa Kalemie, Kongo.

Leo ilikuwa arobaini ya Mzee wa Ndege. Dua imesomwa, watu wametulia, shehe anajiandaa kufunga. Bwana yule akainuka. Hakuitwa na mtu! Akasema marehemu tutamkumbuka kwa ucheshi wake "na kale kabanda kake ka kuku pale juu". Halafu akacheka. Peke yake, wakuu. Jamvi zima limeinama, mbuzi wa jirani kanyamaza, yeye anacheka na kipaza sauti mkononi.

BANDA LA KUKU.

Bibi yumo ndani, eda haijaisha, na dirisha lake liko hatua chache tu kutoka pale bwana yule aliposimama. Kila neno limemfikia.

Sasa nawauliza nyinyi mliosoma huku miaka ile: kuna siku mlimwona kuku mle ndani? Hata mmoja? Hata kifaranga? Mzee alikuwa hafugi kuku KABISA, na sababu yake aliieleza kila wiki: kideri, ule ugonjwa wa kuku. Kideri kikiingia kwa kuku wa mtaani kinaweza kuhamia kwa ndege wengine, na Mzee hakutaka kuamka asubuhi akute vizimba vimenyamaza. Ndiyo maana mlangoni paliwekwa karai la maji ya dawa, unakanyaga kwanza ndipo unaingia. Ukitoka nyumba yenye kuku anakurudisha ukavae viatu vingine. Mtu aliyewakataza kuku wasikaribie hata uzio wake, leo anaambiwa alikuwa na banda la kuku, na yuko kaburini, hawezi kujibu.

Pale palikuwa na korongo taji. Palikuwa na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, aliyejua honi ya treni vizuri kiasi kwamba watu walikuwa wanachukua mabegi. Palikuwa na cherero, vile vikasuku vidogo vya kijani vyenye uso wa rangi ya chungwa, ambavyo porini asili yake ni hapa hapa Tanzania, kusini mwa Ziwa Viktoria. Na bundi, na kanga. Kiingilio shilingi mia, na asiye na mia aliingia na kopo la panzi. Panzi! Mzee aliyapokea, akayapima kwa jicho, akasema "ingia mwanangu, korongo wamekuona".

Halafu anakuchuchumaza mbele ya kizimba. "Usitazame taji. Kila mtu anatazama taji. Tazama kidole cha nyuma." Korongo taji ana kidole kirefu cha nyuma kinachomwezesha kushika tawi, kwa hiyo analala juu ya mti, jambo ambalo korongo wengine wa jamii yake hawaliwezi. Hilo nimelijua nikiwa sijui hata kuandika jina langu vizuri. Nimejifunza kwenye banda la kuku, sivyo?

Na kinachoniuma zaidi: bwana yule naye aliletwa pale na shule, tena mstari mmoja na mimi. Kasuku alimpigia honi akaruka!

Kabanda kake ka kuku. Hata "banda" lilikuwa kubwa mno kwake, ikabidi alipunguze.

Nimemaliza. Wenye la kusema waseme.

Kibirizi_Kwetu
Pole sana mkuu. Nilikuwepo pale, nilikuwa karibu na sufuria. Aliposema lile neno mpakuzi aliachia upawa. Na hujamalizia: baada ya kucheka alisema kile kiwanja kingefaa fremu sita za maduka. Sita! Alishazihesabu kabla ya dua.

Mleta uzi
Sikutaka kuligusa hilo la fremu, maana ningevunja simu.

Mwanga Sokoni
Mkuu usinipige, nauliza tu. Hao kanga si kuku wa porini? Jamaa atakuwa aliona kanga akachanganya.

Mleta uzi
Kanga ni KANGA. Sasa na wewe unataka kunimalizia siku. Aliona kanga, hakuona korongo mrefu kama mtoto wa darasa la tatu? Alichagua kanga akaacha taji? Hakuchanganya. Alidhamiria, mbele ya dirisha la mjane.

Mama Bangwe
Mwanangu mleta uzi, tulia kwanza unywe maji. Mimi nilipeleka madarasa yangu pale miaka yote niliyofundisha, na nakuunga mkono kwa kila neno. Korongo wale walikuwa wanakanyaga chini kwa nguvu, tap tap tap, ili wadudu waruke wawadake, na Mzee anawaambia watoto wakanyage nao. Darasa zima linakanyaga. Vumbi tupu. Somo la tabia za wanyama lilikuwa limekwisha, mimi nabaki kusahihisha tu. Aliyesema maneno yale hakufundishwa na mimi, namshukuru Mungu.

Wakili wa Barazani
Kabla hatujalia sana, huyo Mzee alikuwa na kibali? Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haikuruhusu ujifugie tu mnyamapori nyumbani. Na kasuku wa kijivu ni habari nyingine kabisa, tangu Januari 2017 biashara yake ya kimataifa imefungwa kwa wale wa kutoka porini.

Mleta uzi
Kibali kilitundikwa ukutani kwenye fremu ya kioo, juu ya karai. Ulikuwa unakisoma huku viatu vinachuruzika. Na kasuku hakuwa wa biashara, alikuja kabla ya hiyo 2017 na hakuuzwa mpaka anakufa. Wakili, mada ni BANDA LA KUKU. Mshitaki aliyelisema.

Capri Point
Wana Kigoma poleni, lakini mjue hamko peke yenu. Sisi Mwanza kisiwa cha Saanane kilianzishwa 1964 kama bustani ya wanyama ya kwanza ya Tanzania. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa akikaa pale kabla serikali haijakichukua. Tulivuka kwa boti kwenda kuona wanyama kwenye vizimba, na wengine walishikiliwa pale wakisubiri kupelekwa kisiwa cha Rubondo. Mwaka 1991 ikawa pori la akiba, 2013 ikawa hifadhi ya taifa. Ni jambo jema, silalamiki kuhusu hifadhi. Ninachodai ni kwamba ile bustani ya utotoni haipo tena, na ukiitaja kijana anakwambia "aah, pale pa kupiga picha kwenye mawe". Pale pa mawe! Mwenzako naye ana jeraha lake.

Mleta uzi
Pole mkuu. Ila kwenu hakuna aliyesimama kwenye hitma.

Gungu Relini
Na Rubondo hapo mngeleta habari yote. Kati ya 1966 na 1969 sokwe walitolewa bustani za wanyama za Ulaya wakaachiwa Rubondo, na wajukuu zao wapo porini mpaka leo. Sisi wenye Gombe na Mahale tunajiona ndio wenye sokwe peke yetu.

Mha wa Manchester
Nasoma uzi huu nikiwa kazini na nimekasirika pamoja nanyi. Hapa nilipo palikuwa na bustani ya wanyama ikiitwa Belle Vue, ilifunguliwa 1836 ikafungwa 1977. Wazee wa hapa ukiwagusa kuhusu Belle Vue hulali. Walikuwa na tembo anaitwa Maharajah, alinunuliwa Edinburgh 1872, wakampakia treni akapasua behewa, ikabidi mtunzaji wake atembee naye kwa miguu mpaka Manchester. Mifupa yake ipo makumbusho, nimekwenda kuiona. Watu wametunza MIFUPA ya tembo wa bustani iliyokwishafungwa. Sisi tunapiga hesabu ya fremu.

Mwanga Sokoni
Mha wa Manchester siku hizi tembo wako anaingia kila uzi. Juzi tulikuwa tunajadili bei ya saruji ukamleta.

Mha wa Manchester
Alihusika.

Dada wa Katubuka
Mimi naomba kuuliza la maana. Ndege walikwenda wapi? Ile Jurong ya Singapore, moja ya bustani kubwa kabisa za ndege, ilifungwa Januari 2023, lakini ndege walihamishiwa Mandai na bustani mpya ikafunguliwa mwaka huo huo. Bustani ikifungwa, swali la kwanza ni wakazi wake.

Mleta uzi
Asante dada, umeuliza kama mtu. Magoti ya Mzee yalipokataa kupanda kile kilima, alianza kuwatoa mmoja mmoja, kila mmoja kwa taratibu zake na karatasi yake. Korongo walichukuliwa na wahusika wa wanyamapori, Mzee akawapakia mwenyewe, alikataa mtu mwingine asiwashike mabawa. Kasuku alibaki naye mpaka akafa. Na alipokufa, Mzee aliendelea kuweka maji kwenye karai. Hakuna ndege, hakuna mgeni, karai limejaa maji ya dawa. Nilimkuta akiyabadilisha. Sasa mtu huyo ndiye aliyekuwa na nini? Semeni wenyewe. Mimi nikiliandika tena hilo neno nitatupa simu ziwani.

Kibirizi_Kwetu
Banda la kuku.

Mleta uzi
KIBIRIZI!!!

Ujiji Mwembeni
Alikuwa na tausi?

Mleta uzi
Hakuwa nao. Miaka ile sisi tulijua tausi ni wa Ikulu tu.

Ujiji Mwembeni
Ila 2020 marais wastaafu waligawiwa. Mimi tangu siku ile nataka tausi. Nani anajua utaratibu wake?

Wakili wa Barazani
Fungua uzi wako.

Nahodha Mstaafu
Vijana, mnalilia vizimba na mimi nawaheshimu, lakini hapa Kigoma chenye umri mkubwa kuliko vyote vyenu ni meli ya Liemba. Ilitengenezwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa hapa. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Imezama na ikarudi! Kaeni hapo mkisubiri ukarabati kama ninavyosubiri mimi, ndipo mtajua hasira ni nini.

Gungu Relini
Mzee Nahodha umesema kweli. Mimi mke wangu ni wa Kasanga, kila nikitaka kwenda ukweni nazunguka nchi nzima kwa basi.

Mama Bangwe
Na boti za mbao zinazopakia watu mpaka maji yanagusa ukingo, hakuna anayezifungulia uzi.

Mleta uzi
Jamani. Mada. Naomba mwenye picha ya zamani ya bustani anitumie, ya shule, ya familia, hata kama korongo kakatwa kichwa. Nataka kumpelekea Bibi. Dirishani pale ameingiwa na neno moja tu siku nzima ya leo, na si haki.

Mama Bangwe
Ninazo mbili za darasa. Natafuta albamu.

Dada wa Katubuka
Kaka yangu anayo, yuko Kasulu, nitamfuatilia.

Soko la Kibirizi
Wakati mnatafuta picha, mmeona bei ya sado ya dagaa leo? Hivi hawa wachuuzi wanatuonaje? Ziwa likifungwa watu wasivue bei inapanda, likifunguliwa inabaki huko huko juu. Ile 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia Mei mpaka Agosti tulivumilia, tukaambiwa samaki watazaliana bei ishuke.

Nahodha Mstaafu
Hao wachuuzi wananunua usiku palepale ufukweni, wewe ukiamka unakuta sado ina kitako cha gazeti ndani.

Mwanga Sokoni
Gazeti? Jana nimekuta kitambaa cha mopu!

Gungu Relini
Wa wapi huyo? Wa pale karibu na mzani au wa kule kwenye mwembe?

Mwanga Sokoni
Wa mwembe. Mnamjua.