Redio kaseti ya zamani inafifia sauti, naomba ushauri

Wakuu habari zenu. Nina redio kaseti ya mzee, ile ya kubeba mkononi, spika mbili, inakula betri kubwa sita. Ukiiwasha inapiga vizuri kabisa, baada ya muda sauti inafifia, spika ya kushoto ikitangulia, mpaka inakuwa kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Ukiipiga kofi ubavuni inarudi, halafu inapotea tena.

Inafanya hivyo kwenye redio na kwenye kaseti, kwa hiyo hedi, ile inayosoma mkanda, siituhumu. Betri mpya au umeme, yale yale. Volyumu ukiizungusha inakwaruza, na kuna sehemu ukiiacha sauti inatulia. Kilichonishangaza zaidi, nikichomeka na kuchomoa hedifoni, upande wa kushoto unaamka. Nimefungua mfuniko wa nyuma, vumbi letu hili la Dodoma limejaa mpaka kwenye ile swichi ndefu ya kurekodi.

Fundi mmoja anataka kung'oa kapasita zote, vile vikopo vidogo vya kutunza chaji. Za zamani hukauka kweli, sibishi, ila kitu kinachosikia kofi mimi nahisi ni kontakti chafu, pale vyuma vinapogusana kupitisha umeme, au lehemu iliyopasuka. Au nakosea?

Dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti inapatikana hapa mjini, au niagize Kariakoo? Spiriti ya kawaida haitaharibu volyumu? Na kama kuna fundi mwenye subira na vitu vya zamani, nielekezeni. Niko Nkuhungu, na mzee kila jioni anaulizia redio yake.