Hadithi ya ligombo: huyu baba arudi au asirudi?

FundiNguo_Mtwivila

Kamwene wakubwa kwa wadogo. Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwivila, Iringa. Uandishi siujui, ila nimejiingiza kwenye jambo na sasa sioni pa kutokea.

Wiki tatu zilizopita umeme ulikatika, nikaanza kumsimulia mtoto wa dada yangu hadithi. Ana miaka saba, naishi naye. Nilidhani ni ya usiku mmoja. Leo ni usiku wa kumi na tisa.

Iko hivi. Kuna binti anaitwa Sikujua. Baba yake mpiga ligombo ametoweka, kaacha ligombo lake limetundikwa ukutani. (Kwa wasiolijua: ni ubao uliochimbwa kama kihori kidogo, uzi mmoja unapitishwa huku na huku juu yake mpaka unakuwa kama nyuzi nyingi, na kibuyu cha kukuza sauti. La marehemu babu lilikuwa na waya wa breki ya baiskeli, na ukingoni palikuwa na doa jeusi la kidole gumba, jasho la miaka na miaka. Nilikuwa napenda kuweka kidole changu hapo.) Sikujua analibeba usiku hadi juu ya jiwe la Gangilonga. Jina lenyewe kwa Kihehe ni jiwe linalosema, sasa lingekaaje kimya kwenye hadithi yangu? Jiwe likamwambia: nyuzi ni sita, kila uzi una wake. Piga, atakayeitika atakuonyesha alikopita baba.

Uzi wa kwanza akaitika pimbi, mbea kuliko jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Wa pili, tembo. Wa tatu, kiboko mzee aliyebanwa na wenzake kwenye dimbwi la Ruaha Mkuu, kazi yake kulalamika kwamba zamani, kabla ya 1993, mto haukuwahi kumkatikia kiangazi.

Zimebaki tatu na akili imeniishia. Naomba wanyama.

Halafu lipo lingine. Baba wa huyu mtoto alikuwa tingo wa malori ya Tunduma. Huu mwaka wa pili, simu haipatikani, na waliokuwa naye kila mmoja ana lake. Mtoto hamtaji. Hata jina. Ila kila usiku nikisema "hadithi hadithi", badala ya kuitikia "hadithi njoo" ananiuliza, "Leo Sikujua anamkuta?" Namwambia bado. Anageukia ukutani.

Nikimrudisha baba wa hadithi, si nitakuwa nimemdanganya? Na nisipomrudisha?

Mwana_Rungwe

Ugonile dada. Uzi wa nne mpe kipunji na usibishe! Kima wa huku kwetu, misitu ya Rungwe na Kitulo, ana kishungi kichwani kama kijana aliyetoka kinyozi. Wataalamu wamemtangaza 2005, mwaka uliofuata wakaona hafanani na yeyote wakampa jenasi yake mwenyewe. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamsimulia siku zote, wageni wakidhani ni mzimu. Na msije mkasema nawapendelea watu wa Mbeya, hata huko Kilolo yupo, msitu wa Ndundulu.

Utamu uko kwenye mlio. Haulii kama kima wengine. Ni kitu kati ya kubweka na kupiga honi. Fikiria binti wa watu anapiga uzi gizani, msitu unamjibu kwa honi.

Bukuku_Mkavu

Mrudishe baba, watu walale. Hadithi ni hadithi.

Suka_wa_Tungamalenga

Napeleka wageni Ruaha, kwa hiyo hapa nina la kusema. Watu wote wanataka simba. Usimtie simba, amechoka kwenye hadithi.

Uzi wa tano mpe mbwa mwitu. Akipotezana na kundi habweki. Anainamisha kichwa anaita taratibu, huu, huu, huu, laini kama bundi, na sauti hiyo inafika mbali kuliko unavyodhani. Nilimsikia mmoja alfajiri nikiwa nabadilisha tairi. Nikaacha spana chini. Akiita ananyamaza, anasimamisha yale masikio yake mapana, anasikiliza, anahama kidogo, anaita tena. Sikuona kama alijibiwa, wageni walikuwa wanasubiri.

Na huyo tembo wako, anaongea pia kwa sauti nzito mno ambayo sikio la mtu haliipati. Sikujua anaweza kuwa anajibiwa siku zote na hasikii.

Binti_Makambako

Dada, mimi nilikuwa huyo mtoto. Baba alikwenda Chunya kutafuta dhahabu, mimi nikiwa darasa la pili. Bibi alinisimulia hadithi nyingi, na kwake kila aliyepotea alirudi, wengine kutoka tumboni mwa zimwi. Hazikuniumiza hata moja. Nilijua ni za bibi.

Aliyeniumiza ni mjomba. Alisema, "Krismasi atakuwa hapa." Hiyo haikuwa hadithi. Nilisimama stendi na sweta la shule mpaka basi la mwisho, na nyinyi mnaijua baridi ya Makambako. Kwa hiyo mimi nisingehangaika na baba wa Sikujua. Ningehangaika na unachomwambia mtoto mchana.

FundiNguo_Mtwivila

Binti_Makambako, nimesoma ya sweta nikaacha kushona. Mchana huwa nasema "atakuja tu". Nalisema bila kufikiri, kama mtu anavyosema pole. Nimeacha.

Jana nilipiga uzi wa nne. Mwana_Rungwe, nilikusikiliza nikatoa mlio wa kipunji kwa mdomo, honi yenyewe, kwa nguvu. Mtoto akakaa kitandani wima. Hapo ndipo nikakumbuka lori, na nikajua nimeharibu. Dada yangu naye akasimama mlangoni na sufuria mkononi.

Mtoto akasema, "Hilo si lori, mama mdogo."

Nikamwambia ni kweli, ni kima.

"Lori la baba linalia mara mbili." Akavuta pumzi akanionyesha. Ya kwanza fupi, ya pili ndefu mpaka akaishiwa. Akairudia, safari hii kwa mama yake, eti nami nilikuwa sijaielewa vizuri.

Tukasubiri kama ataongeza neno. Hakuongeza. Akajifunika, akaniuliza uzi wa tano ni wa nani, nikamwambia mbwa mwitu aliyepotezana na wenzake, kesho. (Suka, asante sana.) Nilipokuwa napuliza mshumaa akasema wa sita nisimpe mnyama, niuache hivyo hivyo kwanza.